Chuma Kikianza Kuuma: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Mgonjwa aliyewekewa chuma mguuni anapoanza kuumwa upya, jambo la kwanza analolitamka ni kwamba mwili wake umekikataa chuma. Nimelisikia neno hilo kwa watu wa Ujiji na wa Kasulu, na miaka niliyofanya kazi Tabora nililisikia kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua. Mwili kukataa madini, kwa maana halisi ya mzio, ni jambo lililopo lakini ni nadra mno, na anayeanza kutafuta hapo hupoteza wiki ambazo mfupa hauna. Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu: vijidudu vimeingia, mfupa umechelewa kuunga, au kifaa chenyewe kimelegea au kukatika. Ugumu unakuja kwa sababu vitatu hivi huzaana. Vijidudu huzuia mfupa usiunge, mfupa usipounga hukata chuma, na chuma kilicholegea hutikisa mfupa na kuwapa vijidudu nafasi ya kustawi. Kwa hiyo kazi ya anayetafuta chanzo, awe mgonjwa mwenyewe, ndugu anayemuuguza au mhudumu wa zahanati, ni kujua kipi kilitangulia.

Kazi ya chuma na muda wake

Chuma hakiungi mfupa. Hushika vipande mahali pake wakati mfupa wenyewe unajiunga, na hushika kwa muda. Chukua waya wa kufungia uzio, uukunje na kuukunjua: mwanzoni hauonyeshi lolote, kisha unakatika ghafla mkononi. Bamba la chuma cha pua huchoka kwa njia hiyo hiyo. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku hukanyagia mguu ulioumia mara 2,500, na katika siku 90 ameukanyagia mara 225,000. Mfupa ukiwa unaendelea kuunga, sehemu ya mzigo inahamia kwake kila wiki na chuma kinapumzika. Usipounga, chuma kinabeba mzigo peke yake hadi kinaposhindwa.

Niliwahi kushika bamba lililotolewa pajani mwa kijana mmoja wa bodaboda. Lilikuwa limekatika kwenye tundu lisilo na skrubu, lile lililokaa juu kabisa ya mvunjiko, na uso wa mkato ulikuwa na mistari myembamba iliyopangana kama ile ya gogo lililokatwa kwa msumeno, kisha kipande kidogo chenye makwaruzo ambacho ndicho kilichokatika siku ya mwisho. Mwenyewe aliamini lilikatika siku aliyoteleza bafuni. Mistari ile ilionyesha kwamba ufa ulianza muda mrefu kabla ya hapo, na katika wiki hizo zote alikuwa akihisi maumivu yanayokuja kila akikanyaga, akayanywea dawa za kutuliza maumivu akaendelea na safari.

Kwa mtu mzima, fupa la paja kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, muundi miezi 4 hadi 6 au zaidi ikiwa ulichomoza nje ya ngozi, na mifupa ya kigasha karibu miezi 3. Muda huu ndio kipimo cha kwanza, kwa sababu maumivu ya wiki ya pili na maumivu ya mwezi wa saba, hata yakiwa mahali pale pale, hayana maana moja.

Dalili zisizongoja kliniki

Kabla ya kuendelea, hizi zitengwe, maana mwenye nazo anatakiwa kuwa njiani kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Maumivu makali kupita kiasi ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, yanayozidi mtu mwingine anapovinyoosha vidole vya mguu polepole, huku kigimbi kikiwa kigumu kama ubao, ni dalili kwamba shinikizo ndani ya misuli limepanda na kuzuia damu. Misuli iliyokosa damu huanza kufa baada ya saa zipatazo 6. Hali hii hutokea zaidi kwenye mguu wa chini na kwenye kigasha, na hutokea pia chini ya plasta gumu lililobana. Asitokee mtu akasema kwamba mapigo ya mshipa yapo unyayoni kwa hiyo hakuna hatari. Mapigo hupotea mwishoni kabisa, misuli ikiwa tayari imeharibika. Mguu usiinuliwe juu ya mto wakati huo, uwekwe usawa wa moyo, na kila kinachobana, bandeji au plasta, kipasuliwe hadi kwenye ngozi.

La pili ni kuishiwa pumzi ghafla au maumivu ya kifua kwa mtu aliyefanyiwa operesheni ya paja au nyonga katika miezi ya karibuni, hasa kama kigimbi cha upande mmoja kilikuwa kimevimba na kuuma. Hiyo ni damu iliyoganda mguuni ikasafiri hadi kwenye mapafu. La tatu ni unyayo au kiganja kuwa baridi na kupauka. La nne, kwa waliowekewa nyonga ya bandia, ni mguu kufupika na kugeukia ndani ghafla baada ya kuinama au kuketi chini: nyonga imeteguka, na isijaribiwe kurudishwa nyumbani.

Kidonda kinatoa majimaji

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapofanyika na ndipo mguu unapopotea.

Majimaji mepesi yenye rangi ya damu iliyochujwa katika siku 3 au 4 za mwanzo, yakipungua kila siku, kwa kawaida hayana tatizo. Majimaji yanayoendelea baada ya wiki ya kwanza, au yaliyokauka kisha yakarudi, yachukuliwe kuwa ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Dalili nyingine huongezeka kutegemea wakati. Maambukizi ya wiki mbili za mwanzo huja kwa kishindo: ngozi nyekundu au yenye giza zaidi na ya moto, uvimbe, homa, na maumivu yanayouma hata usiku mguu ukiwa umetulia. Yale ya kati ya wiki ya 3 na ya 10 huja polepole, na mara nyingi mgonjwa husema tu kwamba mguu haupoi. Yale ya baadaye yanaweza kukosa homa kabisa; ishara pekee ni kijitundu kidogo juu ya kovu kinachotoa tone la usaha, kinajifunga wiki mbili, kinafunguka tena. Kijitundu hicho kina njia inayofika hadi kwenye chuma.

Sababu inayofanya maambukizi haya yawe sugu ni kwamba vijidudu, na mara nyingi ni aina ya stafilokokasi inayoishi kwenye ngozi zetu, vikifika juu ya chuma hujijengea utando unaonata. Dawa inayosafiri kwenye damu huvikuta vimejificha chini ya utando huo na haiviui, kwa hiyo mgonjwa anapata nafuu anapomeza dawa na anaugua tena akiziacha. Ndiyo maana kununua dawa duka la dawa na kuzimeza siku tano, au kufungua kapsuli za rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani, jambo ninaloliona kila mara, hakutibu lolote na kunaharibu kipimo. Daktari anahitaji kuchukua usaha na vipande vya nyama ya ndani ili maabara ioteshe vijidudu na kujua dawa inayoviweza. Aliyekwisha kumeza dawa nusu nusu mara nyingi huletewa majibu kwamba hakuna kilichoota.

Ndugu wengi hudhani kwamba penye usaha chuma lazima kitolewe siku hiyo. Sivyo inavyoamuliwa. Ikiwa chuma bado kimeshika imara na mfupa unaendelea kuunga, mara nyingi daktari husafisha ndani, hutoa nyama iliyokufa, huendelea na dawa na kukiacha chuma hadi mfupa uunge, kwa sababu mfupa uliotulia hupambana na vijidudu vizuri kuliko mfupa unaotikisika. Ikiwa chuma kimelegea, hakina faida tena, nacho hutolewa na kuwekwa fremu ya nje, yaani vyuma vinavyopita ngozini hadi mfupani na kufungwa pamoja nje ya mguu, au njia nyingine ya kushika. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: je, bado kimeshika?

Maumivu yalikuwa yamekwisha, yamerudi

Muulize mgonjwa yanakuja lini. Yakija anapokanyaga na kuisha akiketi, shuku kwamba kuna kitu kinatikisika: mfupa haujaunga, skrubu zimelegea, au bamba limeanza kupinda. Yakija usiku akiwa amelala, shuku maambukizi. Yakiwa hatua chache za mwanzo anapoinuka, kisha yanapoa, na mgonjwa ana nyonga au goti la bandia, shuku kwamba kiungo kimeanza kuachana na mfupa. Kanuni hii haikosi kukosea, lakini inaelekeza jicho kwenye picha ya eksirei, ambayo lazima ipigwe pande mbili, mbele na ubavuni, ionyeshe kiungo cha juu na cha chini, na ilinganishwe na ile ya siku ya operesheni. Picha moja peke yake haisemi kitu. Tofauti kati ya picha mbili ndiyo inayosema. Mstari mweusi unaozunguka skrubu, skrubu iliyorudi nyuma milimita chache, bamba lililoanza kupinda, yote yanaonekana kwa kulinganisha. Nawasihi wagonjwa wasizitupe picha za zamani wala kuziacha kwa ndugu waliolala kwao mjini.

Mfupa unapopita miezi 9 bila kuunga, na miezi 3 ya mwisho bila badiliko lolote kwenye picha, huhesabiwa kwamba umeshindwa na unahitaji msaada mwingine, kama vile kupandikizwa mfupa kutoka kwenye nyonga au kubadilishiwa kifaa. Sababu za kushindwa zitafutwe zote: nafasi iliyoachwa kati ya vipande, maambukizi yaliyojificha, kifaa dhaifu au kifupi kuliko mvunjiko ulivyohitaji, sigara, kisukari kisichodhibitiwa, lishe duni. Theluthi ya chini ya muundi ina nyama kidogo na damu kidogo, na huchelewa hata pale kila kitu kilipofanywa sawasawa. Kuna pia jambo la kukanda. Mguu wenye chuma ukikandwa kwa maji ya moto na kuvutwa na mwunga mifupa wa kijijini, vipande vinavyojaribu kushikana huachanishwa upya. Nasema hivi bila kuwadharau wazee wanaofanya kazi hiyo, ambao wengi wao wakielezwa kwamba ndani kuna chuma huacha wenyewe.

Si kila kinachokatika ni msiba. Msumari wa ndani ya mfupa, kifaa ambacho Gerhard Küntscher alianza kukitumia Ujerumani mwaka 1939, siku hizi hufungwa kwa skrubu juu na chini, zikiwamo zile za msumari wa SIGN uliobuniwa Marekani kwa ajili ya vyumba vya upasuaji visivyo na mashine ya kuonyesha mionzi papo hapo. Skrubu ya chini ikikatika wakati mfupa umeanza kuunga, vipande husogeleana kidogo na mara nyingine ndipo mfupa unapokamilisha kuunga. Bamba likikatika, au msumari wenyewe, maana yake karibu daima ni kwamba mfupa haukuunga.

Maumivu ya kinena kwa mzee aliyewekewa skrubu kubwa kwenye shingo ya fupa la paja yatazamwe mapema. Mfupa wa mzee ni mlaini na skrubu inaweza kuukata ikatokeza kwenye kiungo, na mguu ukaonekana umefupika na kugeukia nje. Dalili hiyo hiyo miezi mingi baadaye, hata baada ya mwaka, inaweza kuwa ni kichwa cha fupa la paja kilichokosa damu tangu siku ya ajali. Mwenye selimundu anaweza kupata hali hiyo hata bila kuvunjika.

Maumivu ya mbele ya goti baada ya msumari wa muundi ni ya kawaida sana, kwa sababu msumari huingizwa hapo. Hujitokeza zaidi mtu anapopiga magoti, msikitini au kanisani, na hayana maana kwamba mfupa umeharibika.

Kuhusu baridi: bibi mmoja wa Manyovu aliniambia mwezi Julai, "Mwanangu, baridi imeingia kwenye chuma." Nikamjibu, "Bibi, chuma hakijaharibika. Funika mguu kwa kitenge usiku, na uje ukiona maumivu yanabaki hata jua likichomoza." Maumivu ya baridi wengi huyapata, hasa pale bamba lilipo karibu na ngozi, nayo yakiondoka na joto hayahitaji dawa.

Mguu umevimba

Mama mmoja alikuja kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa kwa boti, ameketi usiku kucha mguu ukining'inia. Nilibonyeza kidole gumba juu ya muundi wake nikahesabu hadi kumi. Nilipokitoa kikabaki kishimo chenye kina cha kushika tone la maji, ngozi ikiwa ya baridi ya kawaida na kigimbi laini. Uvimbe wa namna hiyo, unaopungua usiku mguu ukiwekwa juu ya mito, hutokana na damu na maji kushindwa kupanda kwa sababu misuli haifanyi kazi, na unaweza kudumu miezi 6 au zaidi. Dawa yake ni kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi kwa siku na kutoketi saa nyingi bila kusimama. Uvimbe wa upande mmoja ulio mgumu, unaouma kigimbini na usiopungua usiku, uchunguzwe kwa kipimo cha picha za mawimbi ya sauti kwa sababu ya damu kuganda. Huyo asikandwe hata kidogo.

Ganzi, na unyayo au mkono unaoning'inia

Mkono ukishindwa kunyanyuka kwenye kifundo baada ya kuvunjika mfupa wa juu wa mkono, mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa huo umeguswa na ajali au na operesheni. Wengi hupona wenyewe ndani ya miezi 3 au 4, ila vidole vinyooshwe kila siku ili visikakamae vikisubiri. Unyayo unaoning'inia mara nyingi hutokana na kubanwa ubavuni mwa goti, na plasta au kwa namna mguu ulivyolazwa. Jambo la kuuliza ni kama ulikuwa hivyo kabla ya operesheni. Kama ulianza baada ya kufungwa plasta, plasta ipasuliwe leo.

Goti halikunji

Misuli ya paja hushikamana na mfupa mguu ukiachwa umelala. Asiyekunja goti lake katika wiki 6 za mwanzo atalipigania mwaka mzima. Kuketi kitini kunahitaji nyuzi 90, na kuchuchumaa chooni kunahitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo kwetu kufikia 90 hakutoshi. Chuma imara kimewekwa ili mtu aweze kukunja mapema; anayeogopa amuulize daktari, asijiamulie kulaza mguu. Aliyewekewa nyonga ya bandia yuko kinyume: kigoda kifupi, mkeka na choo cha kuchuchumaa ndivyo vinavyoitegua, na atafutiwe kiti cha choo kabla hajaruhusiwa.

Kitu kinachoma chini ya ngozi, na fremu ya nje

Kichwa cha skrubu kinachotokeza kama punje ya hindi chini ya ngozi ya kifundo, au waya unaochungulia kiwikoni mwa mtoto, ni kifaa kinachorudi nyuma au kilichokaa mahali penye nyama kidogo. Ngozi ikiwa nzima, subiri kliniki. Ikianza kung'aa na kupauka, usisubiri.

Fremu ya nje hudai usafi wa kila siku. Maji yachemshwe, yatiwe chumvi kidogo, yapoe kabisa, na kila mahali chuma kinapoingia ngozini pasafishwe kwa kipande chake cha shashi, kisha kipande kitupwe. Kinachohamisha usaha ni kile kitambaa kimoja kinachozungushwa vyuma vyote. Wekundu mdogo na majimaji mepesi husafishwa zaidi. Usaha, maumivu na chuma kinachocheza kwenye tundu lake ukikigusa, huyo aje. Nati ikilegea isikazwe na fundi baiskeli kwa spana yake, hata awe hodari namna gani, kwa maana akiikaza vipande vikiwa vimehama anavifungia palipopinda.

Kutoa chuma

Chuma kisicholeta shida kinaweza kubaki maisha yote. Kikitakiwa kutolewa, muundi kwa kawaida husubiri miezi 12 hadi 18 na paja hadi miezi 24. Kikwazo kinachowashangaza wengi ni bisibisi. Skrubu za milimita 4.5 huwa na tundu la pembe sita la milimita 3.5, zile za milimita 3.5 huwa na la milimita 2.5, na kampuni nyingine hutengeneza vichwa vya umbo tofauti kabisa. Titani nayo huweza kushikamana na bamba hadi kichwa kikachakaa kikizungushwa. Mgonjwa aliyewekewa chuma Bugando au Muhimbili na anayetaka kutolewa Maweni au Kitete aje na karatasi ya operesheni inayotaja aina ya kifaa, ili vifaa vinavyolingana viandaliwe kabla hajalazwa ganzi. Baada ya kutolewa, matundu yaliyobaki ni udhaifu: kwa miezi isiyopungua 3 asicheze mpira, asibebe mafungu ya tumbaku wala kuvuta nyavu, na aliyetolewa chuma kwenye kigasha asiinue ndoo ya lita 20 kwa mkono huo hadi picha ionyeshe matundu yamejaa.